Bawaba Nilizonunua Kwa Sadala

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nilipoingia karakana ya baba yangu pale Rau nikiwa na kitu mfukoni, najiona nimeshakuwa fundi kamili.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na bidhaa za nje zikajaa Moshi. Bawaba zilikuja kwa maboksi, zinang'aa, lakini ukizikunja kwa vidole zinakunjika. Tulikuwa tunatengeneza kabati la mninga la maharusi, na baba hakutaka kulifunga kwa bati lile.

"Mlango mzito hivi utainama kabla hawajapata mtoto," alisema.

Nikazunguka kutafuta. Kwenye gulio la mji mdogo wa Kwa Sadala nikamkuta mtu ametandika gunia, juu yake misumari ya zamani, kufuli zisizo na funguo, na bawaba mbili za shaba. Nzito. Pini hazichezi hata kidogo. Nilizichukua bila kuuliza lolote, maana mtu akikutana na kitu kizuri huogopa kuuliza, asije akakikosa.

Baba alizipima mkononi, akatabasamu. Kisha kidole gumba chake kikapita juu ya matundu ya skrubu, kikasimama.

"Umezitoa wapi hizi, Aloyce?"

Nikamweleza. Akakaa kwenye benchi taratibu, akanionyesha tundu moja lililokaa upande, limetobolewa kwa mkono.

"Hili nililitoboa mimi. Mbao ilipasuka, nikaongeza skrubu. Hizi ni za jeneza la mama yako."

Mama tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, kihambani, shamba letu la ukoo kule Masama. Jeneza alilitengeneza baba peke yake, amejifungia, mimi nikiwa njiani kuwaarifu ndugu. Bawaba alizing'oa kwenye kabati alilomtengenezea mama walipooana, akazifunga kwenye kile kifuniko cha usoni kinachofunguliwa watu wakiaga.

Tulipanda Masama siku ileile. Kwenye migomba ukungu ulikuwa mzito hata nikasikia maji ya mfereji bila kuuona. Nilitegemea kukuta shimo.

Kaburi lilikuwa zima. Saruji haikuwa na ufa wowote, na masale, ile mimea ya majani marefu tuliyopanda pembeni, yalikuwa yamestawi, hakuna jani lililovunjika. Nikachukua sururu, baba akanishika mkono.

"Nikichimba nikazikuta zipo, hizi nilizoshika ni nini? Na nisipozikuta, nitalalaje?"

"Labda kuna mtu alizing'oa kabla hatujalishusha, baba."

"Nilikifunga kifuniko mwenyewe. Nikasimama hapa mpaka udongo ukajaa."

Baba alichimba kidogo kando ya masale kwa mikono yake, akazilaza bawaba humo, akazifukia. Baadaye aliniambia zilikuwa na joto, ingawa sote tulikuwa tukitetemeka kwa baridi. Akamsemesha mama kwa Kichagga, polepole, kama mtu anayeongea na mkewe aliye jikoni. Halafu akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza. Mimi sikusikia kitu. Yeye aliitikia, akafuta mikono, tukashuka.

Njiani ndipo aliponikaripia, tena bila kupandisha sauti.

"Ulikagua pini, ukakagua shaba. Mtu mwenyewe hukumuuliza."

Nilirudi gulioni mara nyingi kumtafuta yule muuzaji. Sikumwona tena. Kabati la maharusi tulilifunga kwa bawaba za dukani, tukaweka tatu kila mlango badala ya mbili, na skrubu ndefu.

Basi, mwanangu, ukienda kununua bawaba, usidanganywe na mng'ao. Ikunje; ikikubali, iache. Chezesha pini. Jaribu skrubu uone kama kichwa chake kinazama kikalingana na chuma. Lakini kabla ya yote hayo, muulize anayekuuzia imetoka wapi, na umtazame usoni anapojibu. Akisitasita, rudi mikono mitupu. Mteja atasubiri, na kama hasubiri, mwache aende kwa fundi mwingine.

Mungu abariki kazi ya mikono yako, mwanangu, na kila mlango utakaoufunga ubaki umefungwa.