Chumba Ambacho Hakuna Aliyekichagua

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, mvua imeanza tangu asubuhi na vichochoro vya Mji Mkongwe vimejaa maji, hata watu wanapita wamebeba viatu mkononi. Nilikuwa msichana bado, nimeajiriwa karibuni katika ofisi ndogo ya kutengeneza tovuti, juu ya duka la vitambaa. Simu ikalia. Aliyepiga alikuwa mwanamke mtu mzima, anazungumza kwa sauti ya chini kama aliyekaa kando ya mgonjwa. Hakusema kwamba tovuti imeharibika. Alisema, "Mwanangu, njoo ututazamie kompyuta yetu. Inawapeleka wageni kwa marehemu."

Nakuhadithia haya kwa sababu wewe nawe umeingia katika kazi hii, na nyinyi vijana wa leo mnadhani kinachoonekana kwenye kioo ndicho kilichopo. Wazee walisema usilolijua ni kama usiku wa kiza. Mimi nimeuona usiku huo mchana kweupe, basi tulia unisikilize.

Mwanamke yule aliitwa Bi Sharifa. Yeye na mumewe, Mzee Nassor, walikuwa na nyumba ya wageni, nyumba ya mawe ya zamani yenye ua katikati na ngazi zinazopanda hadi juu. Vyumba walikuwa wamevipa majina ya vitu vinavyonukia: Asumini, Karafuu, Kilua, Mlangilangi, Mrehani. Vyumba vinne vilikodishwa. Asumini kilikuwa peke yake ghorofa ya juu, na hakikukodishwa kabisa.

Kilikuwa chumba cha mama yake Mzee Nassor, Bi Moza, Mungu amrehemu. Bibi huyo alifia humo. Siku aliyoshikwa na maradhi, mwanawe alikuwa Mkokotoni kwa shughuli zake, akavuka kwenda kisiwani Tumbatu, na bahari ikachafuka akashindwa kurudi. Alipofika mjini alikuta watu wamekwishatoka kuzika. Akapanda ngazi, akafunga madirisha ya chumba kile, akatia kufuli, na ufunguo akauweka mfukoni mwake. Miaka ikapita bila mtu yeyote kulala humo.

Kisha ikaja tovuti. Aliyeitengeneza alikuwa kijana hodari, lakini alipomaliza tu akaondoka kwenda Oman kutafuta maisha. Mgeni hufungua ukurasa, huandika jina lake, huchagua chumba katika orodha, hubofya kitufe cha kuthibitisha. Pale mapokezi kompyuta hulia kengele kutoa habari kwamba kuna nafasi imewekwa.

Nafasi ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya Asumini, na ya pili pia. Mwanamke aliyekaa mapokezi, Mwanajuma, mtu wa Makunduchi, mpole, alidhani wageni wamekosea. Lakini walipofika, kila mmoja alisema vyengine. Huyu alisema amechagua Karafuu, yule Mrehani. Mmoja alikataa kabisa kwamba jina la Asumini amewahi kuliona. Mwanajuma akafungua ukurasa mwenyewe kama vile yeye ndiye mgeni. Orodha ikamwonyesha Karafuu, Kilua, Mlangilangi, Mrehani. Asumini hakimo.

Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani. Jina ambalo hakuna aliyeliona wala kuligusa, lilikuwa likija kila mara. Na siku chache baadaye, ngazi za juu zikaanza kunukia. Harufu ya asumini mbichi, ile ya vikuba, vile vishada vya maua ambavyo Bi Moza hakupata kuvikosa kichwani.

Nilipofika, nimerowa mpaka magotini, Bi Sharifa alinipokea mlangoni na hakuniacha hata nikaukaushe mtandio.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Pita ndani." Akanivuta pembeni. "N'nataka utazame kabla ya saa kumi. Yule Mwanajuma leo siku yake ya mwisho. Nshamwambia."

"Kwani amefanya nini?"

"Anayekaa na kompyuta ile ni yeye tu, hakuna mwengine. Hayo mambo hayaanzi yenyewe. Penye moshi hapakosi moto, mwanangu."

Nikamtazama Mwanajuma. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, ameshafunga vitu vyake katika mkoba wa ukili. Macho yamemvimba. Hakujitetea. Aliponiona navuta kiti, alisema taratibu, "Dada, wanasema mimi nimemwamsha bibi wa watu. Mimi hata sura yake siijui."

Zingatia hapo, mwanangu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtu anakaribia kupoteza kazi yake, na zaidi ya kazi, jina lake. Ukipakwa uchawi katika mji mdogo kama huu, maji ya bahari yote hayakuoshi.

Nikafungua ukurasa. Umeme ulikuwa umepungua nguvu, taa ya mapokezi inawaka kinjanonjano, na ua wote unanguruma kwa maji ya mifereji. Nikaandika jina langu. Katika orodha nikachagua Karafuu. Nikalitazama jina lile vizuri mpaka nikahakikisha: Karafuu. Nikabofya.

Ukurasa ukapepesa, ukawa mweupe kitambo kidogo, kisha ukarudi na maneno: Asante. Chumba chako ni Asumini.

Kengele ikalia. Na huko juu, katika chumba kilichofungwa miaka yote ile, nikasikia mtu anatembea.

Sikuwa mtu wa kuogopa, lakini mkono niliuondoa kwenye kompyuta upesi. Bi Sharifa akaanza kusoma aya kwa sauti ndogo. Mwanajuma alisema tu, "Kila ikilia, huwa hivyo."

Sijui nini kilichoniinua. Labda ni ujana. Nikapanda. Bi Sharifa akanifuata, na Mwanajuma nyuma yake, kwani hakutaka kubaki peke yake na ile kompyuta. Kadiri tulivyopanda ndivyo harufu ilivyozidi, mpaka tulipofika juu ikawa nzito kama tumeingia chumba cha bibi harusi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kufuli linaning'inia.

Mzee Nassor alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mama yake, kofia mkononi. Kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, na juu ya mto ametawanya maua ya asumini. Bi Sharifa alishika ukuta. Mkewe wa miaka mingi, na hakujua kwamba mumewe hupanda huko.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kengele. Nani amekuja?"

"Hapana aliyekuja. Ni mimi nilikuwa najaribu."

"Ulichagua chumba gani?"

"Karafuu."

"Na umepewa kipi?"

Nilitazama yale maua juu ya mto. Alinisubiri, bila haraka, mpaka nikasema, "Asumini."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa ya sala imeingia. "Anataka mlango ufunguliwe," akasema. "Mimi sikuwapo alipofunga macho. Sasa ananiita kwa kila anayepita. Ndiyo nimekuja nikamtandikia."

Na wakati huo huo, mwanangu, sote wanne tukiwa juu, hakuna hata mtu mmoja chini, kengele ikalia tena.

Tulitazamana. Mwanajuma akaniambia kwa mnong'ono, "Dada, mimi niko hapa." Nikaelewa alichotaka kukisema, na Bi Sharifa akaelewa pia, kwani aliinamisha uso. Tulishuka. Wageni wa mbali, mtu na mkewe, walikuwa wameweka nafasi. Asumini.

Nikakaa nikafungua maandishi ya programu, nikayasoma mstari baada ya mstari mpaka Alasiri ikaadhiniwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na nilichokikuta nitakueleza kama nilivyowaeleza wao, maana ndicho kilichoniweka katika kazi hii mpaka leo nina mvi.

Ukurasa wa namna ile una pande mbili. Uko upande wa mteja, yaani kile kinachotokea mbele ya macho yake, ndani ya kompyuta yake mwenyewe: anagusa orodha, anabofya, neno linajitokeza au linafichika. Na uko upande wa seva, mashine ya mbali inayopokea na kuamua. Tukio moja la kubofya huanza huku na kumalizikia kule. Na seva haikumbuki uso wa mtu. Kila unapobofya, huujenga ukurasa upya, kwanza huutayarisha wote, ndipo baadaye hushughulikia kitufe ulichobonyeza.

Kijana yule, aliposikia Asumini hakikodishwi, alikificha upande wa mteja tu. Alitia amri ndogo inayoliondoa jina mbele ya macho ya mgeni kila ukurasa unapofunguka. Kwenye seva chumba kilibaki vilevile, tena cha kwanza kwa mpangilio wa herufi. Kosa la pili likawa kubwa zaidi. Hakuifundisha seva kuuliza: huyu ndiyo kwanza anaingia, au anarudi na jibu? Basi mgeni aliporudi na chaguo lake, seva iliijaza orodha upya kana kwamba hajawahi kuja, chaguo likafutika, na orodha ikatulia juu ya jina la kwanza. Ndipo zamu ya kitufe ikafika, nacho kikachukua kilichokikuta. Asumini.

Nilipomaliza kueleza, Bi Sharifa aliinuka. Kisha akaenda nyuma ya meza, akauchukua ule mkoba wa ukili, akautua chini kando ya kiti. "Mwanajuma," akasema, "nitake radhi kwa maneno gani?"

"Nshasamehe, Bi," alijibu. Lakini sauti yake haikuwa ile ya awali, na sikumlaumu.

Mzee Nassor alikuwa amesimama chini ya ngazi. Alikuwa amesikia yote. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Sasa ukilitengeneza, jina halitakuja tena?"

"Halitakuja, Mzee. Hapakuwa na aliyeita. Ni kosa la mashine tu."

Akanitazama kwa upole, na maneno aliyonijibu sijayasahau. "Mwanangu, wewe umejua kengele imelizwa na nini. Hilo nimelipokea. Lakini usinifundishe mimi nilichokisikia."

Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa hajapandisha sauti.

Akavuta kiti. "Kabla hujaligusa, niache niweke nafasi mimi."

Nikampisha. Aliandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Orodha ilipofunguka akachagua Mrehani. Mvua ilikuwa imekatika, nyumba nzima imetulia, hata matone ya mfereji yanasikika uani. Akabofya. Ukurasa ukawa mweupe, na katika ule weupe mimi niliyekwisha kujua kila kitu, niliyesoma kila mstari, nikajikuta nimezuia pumzi.

Asante. Chumba chako ni Asumini.

"Naam, mama," akasema Mzee Nassor.

Kisha akainuka, akaniambia, "Haya, tengeneza," na akapanda ngazi. Tulisikia madirisha ya juu yakifunguliwa, moja baada ya jengine.

Nililitengeneza jioni ile. Niliifundisha seva kumtofautisha anayeingia na anayerudi, nikakiondoa chumba kile huko huko kwenye seva, na nikaiamuru ihakikishe yenyewe kila chaguo linaloletwa, isiamini tu kilichotoka kwa mteja. Tukajaribu. Nikachagua Karafuu, kikaja Karafuu. Nikachagua Mrehani, kikaja Mrehani. Nikateremka kwenda zangu, na nakwambia kweli, ile harufu ilinisindikiza mpaka njia panda.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukificha kitu mbele ya macho ya mteja, usijidanganye kwamba umekiondoa. Kwenye seva bado kipo, na siku utakayokuwa umelala au umesafiri kitatoka. Mambo ya kupendeza na ya haraka yaache yatokee kwa mteja, lakini uamuzi ufanywe na seva, na usimwambie mtu asante, limekuwa, kabla halijawa. Kila anayebisha hodi muulize kwanza kama ni mgeni au ni yule aliyetoka sasa hivi akarudi na jibu, usije ukamfutia alichokuja nacho. Fanya hivyo hivyo kwa watu. Mtu akirudi kwako na neno lake, usimpokee kana kwamba hajasema kitu. Usimtie hatiani aliyekaa karibu na jambo kwa kuwa tu yuko karibu nalo. Na utakapoijua sababu, ieleze kwa adabu, maana mbele yako huenda amekaa mtu aliyekuwa akiishi kwa lile usilolijua.

Mola akufungulie fahamu, akuepushe na ulimi wa kuhukumu kabla ya kutazama, na kazi ya mikono yako isimdhuru kiumbe hata siku ambayo wewe hupo. Nenda kwa salama, mwanangu, radhi zangu unazo.