CD Iliyofunika Barua za Mama Kawira

Wenzangu, leo nimeomba msamaha kwa kosa ambalo halikutokea.

Naandika haraka, intaneti hii inapita kwa laini ya simu ya ofisi.

Mnajua hapa Meru tuna kompyuta mbili. Seva, ile inayotunza mafaili yote, naikalia mimi. Ya pili iko chumba kingine kwa katibu wetu, Mama Kawira, na inasoma folda ya barua iliyo kwa seva yangu.

Asubuhi nimeweka CD kwa seva, nikai-mount, yaani nikaifungulia folda ya kuonekana ndani yake. Kwa haraka zangu, nikai-mount juu ya hiyo folda ya barua.

Nikaifungua. Barua hakuna. Ni vitu vya CD tu.

Hizo ni barua za wakulima wa viazi wa Kibirichia, kazi ya Mama Kawira ya wiki nzima, na zinatumwa leo.

Sasa mimi siombi msamaha mikono mitupu. Nikaenda hotelini, nikarudi na chai ya maziwa na maandazi mawili.

"Mama Kawira, nimekukosea."

Hakugeuka. "Ngoja kwanza, hii printa inataka kumeza karatasi."

Alikuwa anachapisha barua. Zile zile.

Kumbe CD ilifunika folda kwa seva tu. Haikumfikia. Yeye aliendelea kuona barua zilizo chini ya CD, ziko salama zote.

"Ulisema umenikosea nini?"

(Wewe ungekiri? Sema ukweli.)

"Nimechelewa kukuletea chai."

Akainywa yote, polepole, akafuta mdomo.

"Basi kesho usichelewe."