Chumvi ya Ivuna ilivyookoa ndoa yangu, Isansa enzi za Mwingereza

Wakuu, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazituma, umri unaniruhusu. Mimi nasimulia, mjukuu wangu hapa Chapwa anachapa kwenye simu. Ni kweli tupu.

Niliolewa kutoka Ruanda (ya hukuhuku Mbozi, si ile nchi) kwenda Isansa, wakati kahawa imepamba moto Mbozi nzima. Baba mkwe alikuwa na mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, kijiji kizima kinamwonea wivu. Maganda alitupa kwenye shimo alilochimba mwenyewe, mteremkoni, juu kidogo ya kisima, ili harufu isifike nyumbani.

Bibi harusi mpya ndiye mchota maji. Basi nikawa nachota.

Haikupita muda maji yakaanza kunuka, rangi kama chai ya rangi. Watoto wakaharisha. Maneno yakaanza.

"Maji yalikuwa mazuri mpaka alipokuja huyu," wifi yangu mkubwa akasema. "Arudishwe kwao."

Nililia jamani! Mume wangu nilikuwa nampenda.

Harufu ile niliijua, ni maganda yaliyooza. Lakini shimo la baba mkwe! Kwetu enzi hizo mkamwana hasemi na baba mkwe, hata njiani ukimwona unachepuka porini. (Mabinti wa siku hizi mnapiga naye selfie, haya.)

Nikamwambia mama mkwe. Alinisikiliza huku anapepeta maharage.

"Mzee ukimwambia shimo lake baya, umemtukana," akasema. "Tuuache ulimi wake umwambie."

Alikuwa na chumvi ya Ivuna, kule wanakochemsha chumvi, aliipata kwa kubadilishana na maharage. Akaimwaga yote shimoni, nami nikamimina maji juu yake. Chumvi ya mwaka mzima, wakuu! Tukala mboga hivyohivyo.

Siku zikapita. Jioni moja mzee akanywa maji, akatema.

"Nani katia chumvi humu?"

"Kaulize shimo lako," mama mkwe akamjibu. "Mimi niliiweka kule."

Asubuhi mzee akashika jembe. Wanaume wakazoa maganda mpaka udongo safi, wakayapeleka migombani. Shimo jipya likachimbwa mbali kabisa, mteremkoni chini ya kisima. Sisi wanawake tukakikomba kisima, kikijaa tunakikomba tena, maji ya kunywa tunafuata mtoni. Tulichoka, ila tulicheka sana siku zile. Mvua zilipokolea, maji yakarudi kuwa maji.

Nikachota kibuyu cha kwanza, nikakiacha mlangoni, nikajificha nyuma ya nyumba kama ilivyo desturi. Nikamsikia mzee anakunywa. Kisha akauambia ukuta, maana mimi haruhusiwi kuniambia:

"Kuanzia leo maji yangu achote yule tu. Mwingine asiniletee."

Wifi alikuwa amesimama palepale.

Nilimchotea mpaka alipofariki. Siku hizi naletewa maji ya chupa, hayana ladha yoyote. Nayatamani yale ya Isansa, na mama yule aliyekubali kula bila chumvi kwa ajili yangu.

Nilichojifunza: kisima kikichafuka, angalia kwanza kilicho juu yake, usianze na mgeni.

Haya, nyie mlioolewa, mlisingiziwa nini ukweni? Andikeni, mjukuu atanisomea. Mimi na baba mkwe wangu hatukuwahi kutazamana usoni hata mara moja, lakini yule mzee alinipenda.