Tope la Karoti Linapanda Mlima

Saa kumi na mbili asubuhi Pascasie Nyirabahire yuko ndani ya pipa. Ni pipa la plastiki lililokatwa nusu, limejaa maji na karoti, na mama huyu wa miaka arobaini na sita amekunja kitenge chake hadi magotini anakanyaga taratibu. Mkono mmoja ameshika kamba iliyofungwa kwenye mti asije akateleza. Karoti zinazunguka miguuni pake, na maji yaliyokuwa safi sasa ni meusi.

"Ukikanyaga na hasira, zinavunjika," anasema. "Karoti inataka mutu ametulia roho. Leo nimetulia. Ungenikuta juzi, ungesema huyu mama iko na wazimu."

Juzi ilikuwa siku ya chupa. Tutafika huko.

Kazi yenyewe ni hii. Wakulima wa milimani wanang'oa karoti, wabebaji wanazishusha kwa magunia mpaka kwenye kijito hiki cha Nyamyumba, kusini mwa mji wa Gisenyi nchini Rwanda, na wanawake kumi na mmoja wanaziosha. Kabla ya saa nne karoti zimeshafika Petite Barrière, mpaka mdogo wa kuvukia Goma, upande wa Kongo. Huko karoti yenye udongo haina mwenyewe.

"Goma tunakula na macho kwanza," anasema Hamdani, mnunuzi anayezivusha kila siku. "Karoti chafu, hata ukitoa bure, mutu atauliza iko na ugonjwa gani."

Pascasie ameifanya kazi hii miaka tisa. Analipwa faranga mia tatu kwa gunia, na siku nzuri anamaliza magunia manane. Mumewe, Phocas, ni mvuvi hapo chini kijito kinapoingia Ziwa Kivu, lakini ziwa lina siku zake za kutoa na siku zake za kununa. Karoti ndizo zinazomsomesha binti yao, Belyse, ambaye mwezi ujao anaingia mwaka wa tano wa sekondari.

Sasa, udongo. Udongo wa milima hii ni mweusi na laini, na hauachii karoti kirahisi. Miaka yote hiyo ulioshwa ukaenda zake kijitoni, kijito kikaupeleka ziwani. Miezi ya mvua ungesimama ufukweni ukaona maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Familia zinazochota huko chini zilikuwa zinaacha ndoo nusu siku ili tope litulie. Na wavuvi wakaanza kulalamika kwamba samaki wanaotaga karibu na nchi kavu wamehama.

Mwezi wa Aprili chama cha wavuvi kikaandika barua kwa viongozi, kikitaka uoshaji wa karoti ufungwe. Barua ikasomwa kwenye mkutano wa wananchi, watu wote wamekaa kwenye nyasi, na majina ya waliosaini yakasomwa pia. Jina la nne lilikuwa la Phocas.

"Nilifikiri ni Phocas mwingine," anasema Pascasie. "Nikamuangalia. Akaanza kuangalia viatu vyake. Bon, nikajua ni ye."

Msimcheke sana Phocas. Mtu ametupa nyavu tangu alfajiri, anazivuta zimejaa matope, mwenzake anamletea karatasi ya kulalamikia matope. Angefanya nini?

"Mi nilisaini juu ya tope," anajitetea mwenyewe. "Sikusaini juu ya bibi yangu."

Lakini tope lilikuwa la bibi yake, na alilijua hilo vizuri. Siku tatu nyumbani kwao maneno yalikuwa ya chumvi na kiberiti tu: iko wapi, nipe, asante.

Viongozi hawakufunga kazi papo hapo. Waliwapa wanawake hao miezi minne: maji yanayotoka kwao yawe safi, la sivyo kila mtu atafute kazi nyingine. Pascasie hakulala vizuri miezi yote hiyo. "Kazi ikifungwa, Belyse anarudi nyumbani. Donc kila nikifunga macho namuona amekaa hapa pembeni yangu, na yeye iko na pipa lake."

Mei, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kijiji kizima kilichimba shimo kubwa la kupokea maji ya kuoshea. Hata wavuvi walishika majembe. Tope likatulia shimoni, maji yakapita juu yake, na kila lilipojaa wanawake wakalichota tope na kulipanga ukingoni mwa kijito. Rundo likapendeza kweli. Wakapiga na picha.

Ikaja mvua ya mwisho ya msimu, mchana mmoja tu. Rundo lote likaondoka kwa mkupuo. Kijito kilitiririka kizito kama uji wa mtama, kuliko siku yoyote kabla ya hapo. Wavuvi walicheka. Phocas, tumpe haki yake, hakucheka.

Siku hiyo Pascasie alikaa kwenye jiwe, nguo zimelowa, akiwatazama wabebaji. Wanashuka wamebeba magunia yaliyojaa. Wanapanda wameweka magunia matupu kichwani.

"Nikajiuliza, huu udongo umetoka juu. Kwa nini mi naupanga huku chini kama mali yangu?"

Akafunga safari mpaka kwa Harerimana, mkulima mwenye matuta mengi kuliko wote mlimani. Mzee akacheka. "Mama Belyse, unataka kuniuzia udongo wangu?"

"Siuzi, muzee. Narudisha."

Harerimana akajaribu magunia machache kwenye tuta lililochakaa, ambalo mawe yalikuwa yameanza kuonyesha meno. Akapanda kabichi, akazimwagilia. Julai alishuka mwenyewe hadi kijitoni kuuliza kama tope lingine lipo. Tangu hapo ni sheria yake: anayeshusha karoti zake anapanda na nusu gunia la tope, na anaongezewa kidogo kwa jasho hilo. Wanawake nao wakachimba mashimo mengine mawili, maji yapite yote matatu kwa mfuatano, kisha yachujwe na ukanda wa nyasi kabla ya kugusa kijito.

Ndipo juzi, ile miezi minne ikiisha, akaja Gakwaya, afisa wa maji, na chupa tupu ya kioo.

Wanawake wakaacha kukanyaga. Akawaambia hapana, fanyeni kazi kama kawaida, nataka maji ya watu wanaoosha. Akaijaza chupa chini ya zile nyasi, akaiweka juu ya jiwe, akakaa kungoja tope litulie.

Nusu saa. Pascasie alikanyaga macho yakiwa kwenye chupa, akavunja karoti kama hajawahi kuvunja kwa miaka tisa. Mwenzake wa pipa la jirani, Uwamahoro, alikuwa anasali kwa sauti, kila mtu anamsikia.

Gakwaya akainua chupa juani. Chini kulikuwa na mstari wa udongo mwembamba kama uzi. Juu yake, maji ya kunywa.

"Kina mama, endeleeni na kazi," akasema. "Mvua zikianza nitarudi kupima tena."

"Nilikaa," anasema Pascasie. Alikaa kweli, palepale ndani ya pipa, na kitenge na yote, maji yakamfika kifuani. Uwamahoro alicheka huku analia.

Leo saa mbili na nusu Phocas anapanda kutoka ziwani. Anachukua nusu gunia la tope, analitupa begani na kuwafuata wabebaji. Juu huko Harerimana amempa Pascasie tuta moja la pembeni alime mwenyewe, na Septemba ataotesha karoti zake za kwanza. "Nitaziosha mi mwenyewe," anasema, "na tope yake itarudi kwangu."

Chama cha wavuvi nacho kimeandika barua nyingine. Kinataka waoshaji wa vijito vyote vya jirani wachimbe mashimo kama ya kina mama hawa. Jana jioni Phocas alikuja nayo nyumbani, hajaweka jina bado, akaiweka mezani mbele ya mkewe.

"Nilisoma yote, pole pole, mara mbili," anasema Pascasie. "Kisha nikamupa kalamu."