Buti Zilizoagizwa Kulia

Jirani yangu wa mtaa wa Mbotela, karani mstaafu wa baraza la jiji, alitaka kuwa mzee wa kanisa. Tamaa hiyo ningeivumilia. Lakini aliamua kuufikia uzee kwa miguu: aligundua kwamba waumini wetu humheshimu mtu anayetembea kwa kishindo. Akaniomba nimsindikize hadi mtaa wa Shauri Moyo kwa fundi wa buti, kwa sababu najulikana mtaani kuwa sivumilii kiatu kibovu.

Fundi hakuwa na haraka. Alimsimamisha jirani juu ya karatasi ya kaki, akachora nyayo zake, akatafuta kalibu za mti zenye umbo la miguu hiyo. Kisha akakunja pande la ngozi ya ng'ombe mbele yetu. Ngozi njema, alieleza, hujikunja bila kupasuka uso, na hunukia magome yaliyoilainisha. Mbovu hunukia rangi tu. Uzi aliusugua kwa nta, na kila tundu alilitoboa kwa msharasi kabla ya kupitisha sindano. Kati ya soli ya ndani na ya nje, alisema, hujaza kitambaa kizito na gundi, ili ngozi isisuguane na ngozi ikalia.

Jirani alimkatiza. "Fundi, hapo usijaze. Nataka zilie."

"Mzee, buti ikilia watu watasema sijui kazi."

"Watasema mwenyewe amefika."

Nilimwambia jirani kwamba anamlipa fundi bora ili amfanyie kazi mbovu. Alinijibu kwamba waliosoma sana kama mimi ndio hufa bila cheo. Fundi akaweka kando kitambaa, akaweka mahali pake vipande viwili vya ngozi kavu, kwa uso wa mtu anayeandika uongo kwa hati nzuri.

Kanisani kwetu, anayetaka uzee hujaribiwa kwa kugawa vikombe vya meza ya Bwana wakati wa sala ya kimya. Wagombea walikuwa wawili. Alitangulia mama muuza mboga ambaye kwa miaka mingi amewauguza wagonjwa wa mtaa. Alipita na ndara zake za mpira, kila mkono ukapata kikombe, na hakuna aliyefumbua macho. Ndipo akaja jirani. Kila hatua ililia kama bawaba iliyokosa mafuta. Macho yakafumbuka safu kwa safu, na kila aliyefumbua alimwona akimtumikia Mungu.

Nilitarajia aibu. Badala yake mikono iliponyooshwa kupiga kura, jirani alishinda bila jasho. Nilimuuliza dada aliyeketi kando yangu kwa nini alimwacha mama wa mboga, aliyekesha na mwanawe alipougua.

"Yule ni mtu mzuri," alinijibu, "lakini hatujui hufanya kazi saa ngapi. Huyu tumemsikia."

Wiki hiyo mzee mpya alianza kuwatembelea wagonjwa. Nilikuwa mtaa wa Fedha, kwa rafiki yangu mwenye maradhi ya moyo, muumini mwenzetu aliyempigia kura kwa mikono miwili. Tulikuwa tukinywa chai na kuzungumza vizuri sauti ya buti ilipoanza kupanda ngazi, ghorofa baada ya ghorofa. Rafiki yangu aliweka kikombe sakafuni, akajilaza, akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Mwambie nimelala," alimnong'oneza mkewe.

Mkewe alikuwa tayari amefika mlangoni, kidole mdomoni.