Mwekundu wa Ukurasa wa Arobaini

Kazi ya Bwana Kanda ilikuwa kusikiliza. Kwa miaka thelathini na moja alibeba kinasa sauti begani, akabisha hodi nyumba kwa nyumba akitafuta nyimbo za kusagia nafaka. Mashine zilikuwa zimewaondoa akina mama kwenye mawe, na nyimbo zilikuwa zikiondoka nao. Kanda zake zilijaa chumba kizima hata kitanda cha wageni kikatolewa nje. Mkewe alikuwa akisema, "Mimi mke mdogo. Mkubwa anakula betri."

Wimbo uliompa umaarufu ni mmoja. Katikati yake mwimbaji anapaza sauti: "Toka, mwekundu, toka!" Bwana Kanda aliandika kitabuni kwamba mwekundu ni jua la alfajiri, msagaji analisihi lichomoze. Kurasa tatu nzima. Wasomi wakazinukuu, wanafunzi wakazikariri kwa ajili ya mitihani.

Kitabu kilipokuwa kiwandani kuchapwa upya, mdogo wake yule mwimbaji, mama mzee mwenye fimbo, alikuja kusikia sauti ya dada yake, marehemu. Bwana Kanda akamwekea kanda. Mama akafumba macho, akawa anatikisa kichwa polepole. Mara akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka.

"Kulikoni, mama?"

"Dada huyu! Hata mbele ya mgeni! Si anamfukuza jogoo?"

"Jogoo gani?"

"Wake, yule mwekundu. Mwizi wa unga hana mfano. Hebu sikiliza, mabawa hayo."

Bwana Kanda akarudisha kanda nyuma. Kweli: pa-pa-pa. Miaka yote alidhani ni mikwaruzo.

"Mbona umenywea, mwanangu? Kwani wewe uliandikaje?"

Akamweleza. Mama akamkodolea macho.

"Jua? Jua lidonoe unga wetu?"

Bwana Kanda hakucheka. Nusu ya heshima yake ilisimama juu ya jua lile. Aliyejua ukweli ni mama huyu peke yake, na kusoma hajui. Akinyamaza, kitabu kitapita salama, na watoto wa shule wataendelea kumwita jua jogoo wa watu. Akamgeukia mama.

"Na wimbo wenyewe, mama, hapo unasemaje?"

"Hapo hausemi kitu. Unanyamaza, unaongeza nafaka, unavuta pumzi. Halafu unaendelea."

Hilo hakuwahi kuliandika popote. Akainua simu, akampigia mpiga chapa.

"Bwana Kanda, umechelewa. Mashine iko tayari."

"Ngoja kwanza. Ondoa ukurasa wa arobaini hadi arobaini na mbili."

"Tuweke nini, mzee wangu?"

"Andika: hapa msagaji hunyamaza, akiongeza nafaka. Maelezo ya jua yalikuwa kosa la mkusanyaji."

Mpiga chapa akayaandika.

"Na jina la mkusanyaji, tulitaje au tulifiche?"

"Litaje," alisema Bwana Kanda. "Kwa herufi kubwa, kama zile za jaladani."