Mgomba wa Mama Deus Ndani ya Pipa

Consolatha alikuja Tabora akiwa na miaka ishirini, bibi harusi wa Lugembe, kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa akifanya kazi reli. Alijifunza kusonga ugali kabla hajaijua njia ya kwenda sokoni. Kwao ni Muleba, ambako nyumba imezungukwa na migomba na mtu anachuma chakula nyuma ya jiko, lakini hakuwahi kulalamika. Alizaa mtoto mmoja, Deus, ambaye sasa ni mwalimu huko Igunga. Watu wa mtaa wao, Ng'ambo, wanamwita Mama Deus. Ana cherehani mbili barazani, anashona sare za shule na magauni ya kwaya, na akitembea uani utamkuta na mkasi mkononi hata kama anakwenda kuanua nguo.

Shida ilianza mwaka 2020, mama yake alipohamia kwake.

Ma Veneranda alikuwa amefiwa na mumewe na miguu ilikuwa imechoka. Justus, mdogo wake Consolatha anayelima shamba la baba yao, alimleta kwa basi na kumwacha na sanduku moja na mkeka. Bibi hakuwa mkorofi. Alisali rozari yake, aliitikia shikamoo za wapangaji wote wa ua ule, na ugali alikula. Ila kila jioni Lugembe akimuuliza mkwewe kama amekula, alijibu kwa upole kwamba bado, na sahani ipo mbele yake, imesafishwa. Kwa watu wa kwao, ambaye hajala ndizi za kupika hajala. Consolatha alinunua ndizi sokoni, zile zinazoletwa na malori. Nyingine zilikuwa zimeshaanza kuiva njiani, nyingine zilichemshwa saa nzima zikabaki na kiini kigumu. Bibi alizionja, akashukuru, akazisogeza pembeni.

Ndipo Consolatha akasema atapanda zake.

Nyumba wanayokaa ni ya Mzee Rashidi, na ua umesakafiwa nusu. Nusu nyingine ni udongo mgumu mwekundu. Mzee Rashidi si mtu mbaya, lakini kwa miti hana mzaha. Babu yake alifika na misafara ya pembe za ndovu akapata viwanja viwili, na kimoja kilipotea kwa sababu mtu aliyekaribishwa alipanda miembe, na wajukuu wa mtu yule wakaja kudai kwamba pale ni kwao, ushahidi ni miembe. Tangu hapo ukoo wake hauruhusu mpangaji kupanda kitu cha kudumu. Mchicha sawa, maua sawa. Consolatha alimweleza kwamba mgomba si mti. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwenye ardhi yangu hapana, Mama Deus," alisema. "Ukitaka, panda kwenye kitu unachoweza kuondoka nacho."

Akanunua mapipa matatu ya plastiki ya bluu, akayakata midomo ili yawe mapana. Lugembe, aliyekuwa amestaafu na siku zake zilikuwa ndefu, alikwenda kwa ndugu zake Bukene akarudi na magunia ya samadi kwenye treni. Walichanganya samadi na mchanga, majivu na maganda ya karanga. Mwanzoni mwa 2021 Justus alituma machipukizi matatu ndani ya kiroba, yamefungwa majani makavu.

La kwanza lilioza ndani ya mwezi mmoja. Hakuna aliyekumbuka kutoboa matundu chini ya mapipa, na maji yalisimama humo kama kisima. Consolatha alilichomoa likaja mkononi laini, linanuka, akaenda kutoboa mapipa mawili yaliyobaki kwa msumari wa moto huku akijilaumu. La pili liliingiliwa na mchwa kupitia matundu hayohayo. Kwa nje lilionekana zima mpaka asubuhi moja lilipolala ubavu. Likabaki moja, lililokuwa jembamba kuliko yote.

Watu wa kwingine hucheka ukiwaambia Tabora kuna baridi. Waje mwezi wa sita na wa saba, alfajiri, upepo mkavu ukitoka mashariki, waoshe uso kwa maji yaliyolala nje. Mgomba ulikuwa na majani manne mwezi wa tano. Mwezi wa nane ulikuwa na majani manne, mawili yakiwa yamekauka kingo. Jani jipya lilitokeza ncha kama sindano na kubaki hivyo wiki saba. Consolatha alikuwa akiipima ncha ile kwa futi yake ya ushonaji kila asubuhi, na kila asubuhi futi ilimwambia kitu kilekile. Alilizungushia pipa magunia, akalifunga shina kwa vipande vya blanketi. Mchana jua lilikuwa kali, akavifungua. Jioni akavifunga tena. Zamda, mpangaji wa chumba cha pili, alimuuliza kama anamlea mgomba au mtoto njiti. Consolatha hakucheka.

Alipoona kwamba ukuta wa jiko hubaki na joto baada ya kupika, akataka pipa lihamie pale. Lakini mchana pale hapakuwa na jua. Hivyo alikwenda kwa Nestory, fundi wa kuchomelea, akatengenezewa toroli la vyuma vya kitanda kibovu lenye magurudumu ya beringi. Kila jioni Lugembe alisukuma pipa hadi ukutani, na kila asubuhi akalirudisha juani, na beringi zilipiga kelele juu ya saruji mpaka Mzee Rashidi akaja kutazama kulikoni. Akaona mistari miwili iliyochorwa sakafuni mwake. Akaipima kwa ncha ya kiatu, na Consolatha akajiona mdogo.

Maji nayo. Bomba la ua lilitoa maji siku mbili kwa wiki, na mgomba haujui ratiba. Alihifadhi maji ya kuoshea mchele na ya kuchemshia maharage. Siku moja Zamda, kwa nia njema, aliumwagia maji ya kufulia, na majani yakaungua ncha. Walinuniana siku tatu.

Mwaka wa pili mvua zilikuwa nzuri na mgomba ulipanda hadi kwenye paa. Consolatha alianza kuamini. Kisha kiangazi kikaurudisha nyuma, upepo ukayachana majani yakawa kama mikanda, beringi moja ikapasuka, na kwa miezi miwili wakawa wanaliburuta toroli wakilishika upande mmoja. Lugembe mgongo ukamuuma. Alimwambia mkewe, bila hasira, kwamba yeye aliwashushia watu mizigo kwenye treni miaka mingi, na hakuna mzigo uliokuwa ukirudi kila siku pale ulipotoka.

Katika yote hayo Ma Veneranda alikuwa akikaa kwenye kigoda chake karibu na pipa, akitazama. Consolatha alizoea kwamba akimaliza kumwagilia anakaa dakika chache kando ya mama yake, anamwambia nani kaleta kitambaa, nani kachelewa kuchukua nguo. Bibi alimuuliza maswali, akamsimulia ya Muleba. Kuhusu mgomba wenyewe bibi hakuwa na maneno. Ulikuwa unaendelea vizuri, alisema akiulizwa. Basi.

Machi 2024 ua lilitokeza.

Lilitoka jekundu, zito, limeinama kuelekea ukutani, na majirani walikuja kuliona kama wanavyokuja kuona mtoto. Hata Mzee Rashidi alikuja, akaligusa kwa kidole kimoja. Consolatha alilikatia mti wa kuegemea. Vidole vikafunguka chana moja baada ya nyingine, chana tano tu, lakini kwenye pipa, Tabora, chana tano. Alimpigia Deus simu. Alimwambia mama yake kwamba ikifika mwezi wa saba watakula.

"Mungu akipenda," alisema bibi, akaangalia pembeni.

Vidole viliponenepa Consolatha alianza kupata wasiwasi. Vilikuwa vifupi, vimebanana, vimejaa mapema. Yeye aliondoka Muleba akiwa msichana na kumbukumbu zake hazikuwa za kuaminika, akajiambia kwamba labda ni kwa sababu ya pipa. Mwishowe alipiga picha akamtumia Justus. Siku mbili Justus hakujibu, naye si mtu wa kuchelewa kujibu. Siku ya tatu akapiga.

Alianza na salamu nyingi. Kisha akasema kwamba siku ile ya kuchimba machipukizi alikuwa na haraka ya kuwahi basi, akachimba upande wa mpakani, ambako baba yao aliacha mistari michache ya ndizi za pombe. Alidhani ameipita mistari ile. Hakuwa ameipita.

"Dada, hiyo haipikiki," alisema. "Nisamehe. Ngoja iive, ikamuliwe."

Consolatha alikata simu bila kuaga. Alikuwa na gauni la kwaya kwenye cherehani, akaliacha hapo lilipo, sindano imelidunga, akatoka kwenda uani. Alimsimulia mama yake huku amesimama. Miaka mitatu, alisema. Maji ya kubeba, blanketi, toroli, mgongo wa Baba Deus. Na yote ni kitu cha kutengenezea pombe, katika nyumba ambayo hakuna anayekunywa.

Ma Veneranda alikuwa akipepeta mchele. Hakuonyesha mshangao wowote, na Consolatha aliliona hilo.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mgomba ulipokuwa unanifika kiunoni. Shina lake limepauka. Ya kupika ina madoa meusi, inang'aa. Mtoto wa kwetu anajua."

Consolatha aliuliza ni kwa nini, basi, hakusema. Bibi aliweka ungo chini.

"Ungeung'oa," alisema. "Kabla ya mgomba ulikuwa unapita hapa na mkasi wako, unaniambia shikamoo, unakwenda barazani. Mwaka mzima. Mgomba ulipokuja ukaanza kukaa."

"Ningekaa hata bila mgomba."

"Hukukaa."

Kama mama yake angekuwa amedanganya, Consolatha angemgombeza. Kama angekuwa amesahau, angemhurumia. Alirudi barazani akaifumua mishono ya gauni lile, maana sindano ilikuwa imechana kitambaa, na akashona mpaka jua likashuka bila kumsemesha mtu. Lugembe alipomuuliza alimwambia amuulize mkwewe.

Wiki mbili hakumwagilia. Lugembe alifanya kazi hiyo kimyakimya. Asubuhi Consolatha alimpelekea mama yake chai, akamwamkia, akaenda zake, na alijua kabisa anachofanya, na kujua huko hakukumsaidia kuacha. Bibi alipokea chai, akashukuru. Zamda alikuja kukaa naye mara mbili tatu, na Consolatha, akiwasikia wakicheka, alikasirika pia.

Mkungu uliiva mwanzoni mwa mwezi wa saba, katika baridi, polepole mno. Aliukata mwenyewe. Ndizi zilikuwa tamu kidogo, zenye kukaza ulimi, na watoto wa ua walizimaliza kwa siku mbili. Mzee Rashidi aliomba chana moja akasema ni nzuri. Ma Veneranda alikula moja, akavuta shali mabegani.

Jumapili baada ya misa Consolatha aliukata mgomba, akaung'oa pamoja na chipukizi lake la pembeni, akaumwaga udongo wote uani. Ulikuwa umejaa mizizi myeupe iliyozunguka pipa mara nyingi bila kupata pa kwenda. Kisha akampigia Justus simu ya video. Safari hii alimwamuru aende katikati ya shamba, mchana, aelekeze simu kwenye shina, na asichimbe mpaka mama aseme. Akampa mama yake simu. Bibi aliishika karibu na pua. Justus alionyesha chipukizi la kwanza, akakataliwa. La pili, akakataliwa. Alitembea shambani akihema, dada yake akimhimiza, mama akisema hapana, hapana, nyuma yako hapo, hilo.

Chipukizi liliwasili mwishoni mwa mwezi wa saba, wakati mbaya kuliko yote, na mtu yeyote angesubiri mvua. Consolatha hakusubiri. Alijaza pipa udongo mpya alfajiri, vidole vimekufa ganzi, akaliweka chipukizi katikati. Ma Veneranda alikuwa kwenye kigoda, kajifunika blanketi, akasema kina hicho ni kifupi.

Consolatha alisema ndicho kina alichotumia mara ya kwanza.

"Mara ya kwanza uliotesha pombe," alisema mama yake.

Alikaa juu ya visigino, mikono imejaa samadi, akamtazama mama yake. Hakukuwa na tabasamu kwenye uso wa bibi; alikuwa anazungumzia kina cha shimo. Consolatha alilichomoa chipukizi, akafukua mpaka kiwiko, akaliweka tena. Sasa, alisema bibi, limezidi. Akafukia kidogo. Bibi akainama kutazama, akamwambia aligeuze, jicho lake la kuchipua lielekee jua.